Mafuta ya Jenerali Bahram

Watu wa Kasr Hamdun wakisikia jina la Haluma hucheka kwanza, halafu ndipo humwombea dua. Mimi hucheka kidogo kuliko wao, na nina sababu zangu. Nilikaa naye jengo moja zaidi ya miaka ishirini na saba, mimi karani wa baraza la mji, yeye mfagizi na mshika funguo wa ukumbi. Kama kuna aliyemjua kuliko mimi, basi ni yule jenerali wa ukutani.

Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa soko. Mumewe alifariki mwaka wa pili wa ndoa, akamwachia nyumba ya vyumba viwili na mizeituni miwili nyuma ya makaburi. Mtoto hawakujaliwa. Wachumba walikuja, tena wazuri tu, lakini aliwahoji mpaka wakakumbuka wana kazi mahali fulani wakaaga. Asubuhi alijitanda shuka lake jeupe, akafika kazini kabla yetu sote, akafungua ukumbi, na neno lake la kwanza la siku lilikuwa kwa picha.

“Sabalkheri, Sidi. Umeamkaje?”

Sidi, kama tunavyowaita babu zetu. Na wallahi alikuwa akisubiri kidogo kabla ya kuendelea na ufagio.

Picha yenyewe ilikuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Jenerali Bahram kuanzia magotini hadi kwenye kofia nyekundu, koti la buluu, vifungo vya dhahabu, mkono juu ya mpini wa upanga. Alichorwa enzi za Mabey, watawala wa zamani wa Tunis, na mchoraji aliyekuja kwa meli na kuondoka kwa meli. Jenerali alipigana vita huko mbali kwenye theluji, akarudi na nishani, lakini sisi hatukumpendea nishani. Mwaka babu zetu walipogoma kulipa kodi, Bey alimtuma na askari elfu moja aje aikate mizeituni yetu yote. Akaja. Akapiga hema, akakaa siku tatu akila mkate na mafuta yetu, akarudi Tunis hajakata hata tawi. Bey alimfanya nini, hilo ni la Bey. Kwetu, kila mzeituni ulio mzee kuliko babu yako ni wake.

Basi mnielewe ninaposema jambo lenyewe lilianzaje.

Ilikuwa mwaka 1978. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, tai shingoni, nimetoka Tunis na cheti na kiburi chote kinachokuja na cheti. Haluma alikuwa na wiki moja kazini. Kusoma hajui. Siku hiyo alikuja mezani kwangu, mikono imekunjwa mbele, akaniita Si, yaani Bwana, heshima ambayo sikuistahili.

“Si Tijani, mwanangu, samahani nikukatize kazi. Kile kibao cha shaba chini ya picha kimeandikwa nini? Nataka nijue namfutia vumbi nani.”

Sikuinuka hata kitini. Kibao nilikijua. “Jenerali Bahram,” nikamwambia. “Picha ya mafuta.”

“Picha ya mafuta?”

“Ndivyo kilivyoandikwa.”

“Mafuta gani?”

Mtu mwenye adabu angemweleza kwamba ni rangi zilizochanganywa na mafuta, basi, yakaisha. Mimi nilikuwa na usingizi na nilikuwa mpumbavu.

“Mafuta gani tena, khalti?” nikasema, kama tunavyowaita mama zetu wadogo. “Ya zeituni! Ulidhani Jenerali mzima atapakwa ya alizeti? Tena yawe mapya, ya msimu. Akikosa mwaka mmoja tu, atakauka apasuke kama kisigino.”

Sikucheka. Huo ndio ulikuwa ufundi wangu siku zile, kutania na uso mkavu. Haluma aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepewa maelekezo na daktari.

“Ana haki yake,” akasema. “Mizeituni si ni yake?”

Akaenda zake. Nami nikarudi kwenye makaratasi yangu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshasahau.

Hapa kwetu mafuta ya kwanza ya msimu yakitoka kinuni, bado ya kijani na yanawasha koo, hutoi chupa ya kwanza kwa tumbo lako. Unampa mwenye haki nawe, shangazi, jirani, msikiti. Haluma hakuwa na shangazi. Kila mwaka, Jumapili moja ya Desemba ofisi ikiwa imefungwa, alikuja na chupa yake, akapanda ngazi, akampaka Jenerali kwa pamba, kuanzia kofia kushuka chini, kidogo kidogo, kama unavyompaka mtoto mchanga. Haya nimeyajua baadaye. Sisi tuliona tu kwamba ikifika Januari Jenerali anang'aa, tukasema, mashallah, huyu mama anafuta vumbi vizuri. Harufu ya mafuta? Jamani, katika mji wetu ni nani anayesikia harufu ya mafuta ya zeituni? Ni sawa na kusikia harufu ya hewa.

Halafu Jenerali akaota ndevu.

Msinicheke. Mafuta yalishuka na turubai yakajikusanya chini ya kidevu, vumbi la soko likanata, na moshi wa jiko la mkaa la wakati wa baridi ukakamilisha. Mwaka hadi mwaka kivuli kikaongezeka, uso ukaingia giza, mpaka tukawa na mzee mweusi-mweusi mwenye ndevu za kufika kifuani na macho yaliyozama. Wazee wakaapa kwamba alikuwa hivyo tangu enzi za baba zao. Timu yetu ya mpira ikaitwa Wandevu, na siku za mechi vijana walifunga manyoya ya kondoo kidevuni na kwenda kuwatukana watu wa Zramta, mji wa jirani.

Chini ya picha hiyo ndipo tulipofungisha ndoa za mji. Haluma alisimama mlangoni na ufagio, akiwakagua. “We bwana harusi! Hivyo viatu umetoka navyo zizini? Rudi nje ukavipanguse, Sidi anakuona.” Ndoa ikimkera alininong'oneza nikiwa nimeshika daftari: “Sidi hakumpenda huyu. Tazama alivyokunja uso.” Nami, mjinga, nilitazama, na kweli nikaona kakunja uso. Wanawake wa mji walimtania: “Haluma, mumeo vipi leo?” Naye hakuwa akikaa kimya. “Mzima! Hanung'uniki chumvi ikizidi, hatoki na marafiki, na wala hakoromi. Wa kwako je?”

Mwaka ambao paa la ukumbi lilivuja, sisi wanaume tulikimbilia kuokoa mafaili. Yeye peke yake aliiteremsha picha ile, sijui kwa nguvu gani, akaifunika kwa shuka lake jeupe, akakaa nayo barazani kichwa wazi, amelowa chapachapa, akitutukana mmoja mmoja kwa jina. Nilimpenda siku ile. Nilimpenda siku nyingi, ila mambo hayo hatuambiani.

Mwaka 2004 akaja Bi Ibtihal, fundi wa picha kongwe, binti mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Alikuwa anazunguka nchi nzima akikagua picha za zamani. Meya wetu, Si Munsif, alitaka sifa, basi akatukusanya ukumbini wote, madiwani, mimi, na Haluma na sinia la chai ya lozi.

Binti alisogea karibu na Jenerali. Akatoa pamba kwenye kijiti, akakitia mdomoni, akakilowesha mate, kisha akakisugua taratibu kwenye kona ya koti.

“Ebo!” Haluma akaweka sinia chini kwa kishindo. “Unamtemea mate Sidi?”

“Mate ndiyo dawa ya kwanza, khalti,” binti akasema, wala hakukasirika. Akaitazama pamba, imekuwa ya kahawia. Akainusa. Akainusa tena. “Ajabu. Haya ni... haya ni mafuta ya zeituni.”

“Na ya nini tena?” Haluma akafurahi, uso wote ukafunguka. “Ya kinuni kwa Hajj Frej, mkamuo wa kwanza! Ya mizeituni yangu mwenyewe, si ya dukani. Kila mwaka, sikuruka hata mmoja.”

Ndipo ikanijia. Kibao, tai, kisigino.

Bi Ibtihal akaeleza, kwa upole, kwamba mafuta ya zeituni hayakauki, yananata, yanakusanya uchafu, na kwamba picha ya mafuta haitiwi mafuta. Alivyokuwa akieleza, nilimwona Haluma akipungua. Sijui niseme vipi. Alikuwa akipungua palepale aliposimama.

Si Munsif akawaka. “Miaka ishirini na sita! Mali ya umma! Mbele ya mgeni! Nani alikwambia ufanye upuuzi huu?”

Haluma aliinua macho, akanitazama. Akanitazama kiasi cha kuvuta pumzi moja. Kisha akamgeukia meya.

“Hakuna aliyenambia,” akasema. “Ni kichwa changu tu.”

Nami nikanyamaza. Niandike yote au nisiandike? Nilinyamaza. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, na nikatazama viatu vyangu.

Meya akampokonya funguo hapohapo, mkononi, mbele ya watu, akamkataza kukanyaga ukumbini. Kisha akanigeukia. “Si Tijani, andika barua ya kumfukuza. Kuharibu mali ya umma kwa uzembe. Naitaka Alhamisi mezani.” Haluma alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Akifukuzwa kwa kosa, pensheni hana, na heshima hana, na ule mlango aliokuwa akiufungua kila asubuhi ataupita kama mpita njia.

Jumatatu na Jumanne nilikaa na karatasi nyeupe. Nimeandika barua elfu maishani mwangu, za kumpongeza mtu na za kumtoa mtu nyumbani kwake, na kalamu haikuwahi kunigomea. Hii iligoma. Kupitia mlango ulio wazi nilimwona Bi Ibtihal juu ya ngazi na vijiti vyake, akiondoa ndevu. Kila kipande cha pamba kilichoanguka kilikuwa msimu mmoja wa Haluma. Jumanne alasiri nilifunga ofisi nikaenda kwake.

Nilimkuta uani, anaponda zeituni za kuloweka, jiwe mkononi, beseni katikati ya miguu.

“Karibu, Si Tijani. Kaa. Mbona umesinyaa hivyo? Mkeo hakupi chakula?”

“Khalti, kwa nini hukusema ni mimi?”

Akaponda mbili tatu kabla ya kujibu. “Niseme nini? Wewe una watoto watatu, na yule wa mwisho bado anasoma. Kibarua chako kikiota nyasi, nani atawalisha? Mimi nina mizeituni miwili. Tena kukosea kusoma si dhambi. Herufi zenyewe ndogo, na kibao kimechakaa. Ulikuwa mtoto tu wewe.”

Kumbe ndivyo alivyojieleza. Kumbe ameketi siku mbili hapo na beseni lake, akinisamehe kosa ambalo sikulifanya. Ningeweza kumwachia. Nakiri nililifikiria, tena si kwa sekunde moja.

“Sikukosea kusoma,” nikasema.

“Ee?”

“Nilisoma sawasawa. Yale mengine nilikuwa natania.”

Jiwe likasimama hewani. “Unatania nini?”

“Mafuta. Msimu. Kisigino. Ulikuwa utani, khalti. Nilidhani utacheka.”

“Nilicheka?”

“Hukucheka.”

“Na kesho yake mbona hukunambia?”

“Nilisahau.”

Aliliweka jiwe chini. Sikutaka alitupe, lakini ningefurahi kama angelitupa.

“Ulisahau,” akasema. “Ule mwaka wa ukame, mizeituni yangu ilitoa chupa moja. Moja, Tijani! Nikampa yeye. Nikala mkate mkavu hadi Ramadhani, na nikajisikia mtu, kwa sababu kuna kazi nimepewa na ninaifanya. Na wewe ulikuwa chumba cha pili, umesahau.” Sauti yake haikupanda, na mimi nilizoea sauti yake ikipanda. “Ungekuwa unanicheka kila mwaka ingekuwa nafuu. Ningejua angalau nimo kichwani mwako.”

“Khalti...”

“Toka nyumbani kwangu.”

Nikatoka. Njia nzima watu walinisalimia, na sijui niliwajibu nini.

Jumatano nilimwendea meya, si ofisini kwake, ukumbini, akiwa na madiwani wake wanaangalia kazi ya Bi Ibtihal. Nilisema yote bila kupumzika, kwa sababu nilijijua, nikipumzika nitatafuta njia ya kutoka. Diwani mmoja akaangua kicheko, akaona wenzake hawacheki, akakohoa.

Si Munsif alikuwa mwekundu kama kofia ya Jenerali. “Basi utaandika barua mbili!” akasema. “Ya kwake na ya kwako!”

“Yangu nitaiandika sasa hivi,” nikamjibu. “Ya kwake siiandiki. Mtafute karani mwingine.” Jamani, mimi! Mimi ambaye nilikuwa nikisimama hata meya akipiga chafya.

Bi Ibtihal akageuka, kijiti bado mdomoni, akakitoa.

“Naomba niseme neno,” akasema. “Nimekagua picha mia na zaidi. Nimekuta zilizopigiliwa misumari, zilizooshwa kwa sabuni ya unga, moja imegeuzwa meza ya karata. Hii picha mafuta yameidhuru, ndiyo, na nitakuwa hapa wiki nne. Lakini mwangalieni.” Akapitisha kidole karibu na turubai bila kugusa. “Hakuna mchubuko. Hata mmoja. Miaka ishirini na sita mtu anapanda ngazi, anasugua, na hajakwaruza popote. Mkono kama huo mimi siwezi kumfundisha mtu. Kitu cha kushika mkononi, hicho naweza kumfundisha. Mkimfukuza, nitaandika kwamba picha ihamishiwe Tunis, kwa sababu hapa haitakuwa na mtu.”

Hapo ndipo meya alipoinua macho na kumtazama Jenerali vizuri, na sisi sote tukamtazama. Ndevu zilikuwa zimekwisha. Alikuwa kijana. Miaka ishirini na minane, labda thelathini, mweupe, masharubu membamba ya kujitahidi, na macho ya mtu aliyetumwa kazi asiyoipenda. Tulikuwa tumemwogopa mtoto wa watu miaka yote hiyo. Si Munsif akakaa kwenye kiti cha bwana harusi. Kuwaambia Wandevu kwamba Jenerali hana ndevu lilikuwa balaa tosha kwa mwaka mmoja. Kuwaambia tena kwamba amehamia Tunis, wangemchomea gari.

Haluma akarudishiwa funguo. Mimi nikapewa onyo la maandishi, ambalo ilibidi nilichape mwenyewe, nikaondolewa kwenye meza kuu na kupelekwa dirisha la vyeti vya kuzaliwa. Nilistahili zaidi ya hapo. Mji uligawanyika mwezi mzima, wenye kutaka ndevu zirudishwe kwa brashi na wasiotaka, na mashabiki waliendelea kuvaa manyoya kwa ubishi tu.

Siku Haluma alipoingia ukumbini nilisimama nyuma ya mlango, kwa sababu mbele yake nisingethubutu. Alisimama chini ya picha na shuka lake, shingo juu. Bi Ibtihal akashuka kwenye ngazi.

“Hivi ndivyo alivyo?” Haluma akauliza.

“Ndivyo alivyo, khalti.”

“Masikini,” Haluma akasema. “Na mimi nilikuwa namsimulia habari za magoti yangu.”

Bi Ibtihal alimfundisha wiki mbili nzima. Brashi laini ya manyoya, dirisha la kufunga saa za jua, buibui atolewe vipi. Alipoondoka alimwachia karatasi ya maagizo, mistari tisa, imegongwa muhuri. Mimi Haluma hakunisemesha. Nilimwambia sabalkheri kila asubuhi, naye akapita, ufagio mbele. Siku arobaini kwa hesabu yangu. Chai alileta kwa wote, na glasi yangu aliiacha kwa mwenzangu wa dirisha la pili, aniletee yeye. Ilikuwa na lozi kama za wengine, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku ya arobaini na moja akaja dirishani kwangu. Akasukuma karatasi chini ya kioo.

“Nisomee.”

Nikasoma. Mstari wa kwanza, kuhusu jua.

“Hapo unatania au ndivyo ilivyoandikwa?”

“Ndivyo ilivyoandikwa, khalti.”

“Endelea.”

Mstari wa pili. “Hapo unatania?” Watu kwenye foleni wakaanza kunung'unika, mama mmoja na mtoto wake mchanga, mzee mmoja na fimbo. Haluma akawageukia. “Nyamazeni! Mmeshazaliwa tayari, cheti kitawafuata!” Wakanyamaza. Mstari wa tatu. Wa nne ulisema picha isiguswe kwa kitu chochote cha majimaji, si maji, si sabuni, si mafuta ya aina yoyote.

“Hapo unatania?”

“Hapana, khalti. Wallahi sitanii.”

“Soma tena huo.”

Nikausoma tena. Tulifika wa tisa. Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

“Binti wa mfamasia alinisomea jana,” akasema. “Na mwalimu Nuri juzi. Hamkupishana hata neno.”

“Sasa kama ulishasomewa na wawili, mimi umenijia wa nini?”

“Wale nawaamini,” akasema. “Jumatatu utanisomea tena.”

Nilimsomea kila Jumatatu, mwaka mmoja na miezi mitatu, foleni ikisubiri. Alikuwa ameshaihifadhi yote. Nikivuta pumzi alikuwa akinitangulia kwa midomo. Na kila mstari aliniuliza, nami kila mstari nikamjibu, hata siku ambazo nilikuwa na homa, hata siku ambayo meya mwenyewe alisimama nyuma yake akingoja zamu. Jumatatu ya mwisho, kesho yake akistaafu, nilisoma wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikasoma wa nne, nikanyamaza nimsubiri aulize. Alikuwa akitazama nje, mahali wanapoegesha mikokoteni.

“Endelea, mwanangu,” akasema. “Nakusikia.”